Nani apewe tarehe kwanza? Mwongozo kamili wa kupanga buking kwenye kituo cha mikutano cha jiji

Tuanze na kesi ambayo kila meneja wa ukumbi wa jiji anakutana nayo. Wiki moja, wateja wawili. Mmoja ni chama cha madaktari cha nchi nzima, wajumbe elfu tatu, wanataka tarehe ya miaka mitatu ijayo, wanalala mjini usiku tatu, na wanabembeleza kodi ya ukumbi ipunguzwe. Wa pili ni maonyesho ya fanicha, yanafanyika kila mwaka, ukumbi unajaa, kodi analipa kamili bila kelele, ila wanaokuja wote ni wakazi wa humohumo mjini, jioni wanarudi kwao kulala. Nani apewe?

Kama jibu lenu ni "inategemea nani kapiga simu kwanza" au mbaya zaidi "inategemea nani anamjua meya", basi hamna sera, mna bahati nasibu. Na kiukweli sera ya buking sio ngumu kuandika, kurasa nne tano zinatosha, ngumu ni kukubaliana kabla ya kuandika na kuiheshimu baada ya kuandika. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: amueni ni mfuko upi mnaujaza

Hapa ndo penye mzizi wa kila ugomvi. Ukumbi wa jiji una mifuko miwili. Mfuko wa kwanza ni wa ukumbi wenyewe, yani kodi, chakula, umeme wa mabanda, paking. Mfuko wa pili ni wa jiji, hoteli, migahawa, teksi, maduka, na kodi ya kitanda (ushuru wa mgeni kulala hotelini) kama jiji linatoza. Tukio linaloujaza mfuko mmoja mara nyingi haliujazi mwingine, na wale madaktari na wale wa fanicha ndo mfano wenyewe.

Kumbi nyingi za jiji duniani hazikujengwa ili zipate faida kwenye kodi ya ukumbi. Zilijengwa ili zilete watu wa kulala mjini. Las Vegas imelifunga hili fundo vizuri kabisa, chombo kinachomiliki kituo cha mikutano ndo hichohicho kinachotangaza utalii wa jiji, na sehemu kubwa ya pesa zake inatoka kwenye kodi ya vyumba vya hoteli, kwahiyo hakuna wa kubishana naye, chumba kikilaliwa ukumbi umekula. Kwenye majiji mengi haiko hivo. Ukumbi una bajeti yake na bosi wake anaulizwa mwisho wa mwaka kwanini kapata hasara, wakati hoteli zinafurahia wageni ambao ukumbi uliwaleta kwa diskaunti.

Kwahiyo kabla hamjaandika neno lolote kuhusu madaraja ya matukio, baraza la jiji litoe tamko la sentensi mbili: ukumbi huu upo kwanza kwa ajili ya nini, na hasara kiasi gani tunakubali kubeba ili kufikia hilo. Bila ile sentensi ya pili msiendelee. Baraza linalotaka wageni wa kulala NA ukumbi wenye faida kwa wakati mmoja limemwachia meneja ajipasue katikati.

Hatua ya 2: ijueni nyumba yenu

Fupi hii, ila watu wanairuka. Andikeni: kumbi ziko ngapi na zinagawanyikaje, tukio moja likiwa ukumbi mkubwa lingine linaweza kukaa ukumbi mdogo bila kelele na bila kugombania mlango wa mizigo, vyumba vya hoteli vilivyo umbali wa kutembea ni vingapi, na muhimu kuliko vyote, hoteli hizo zikiulizwa leo ziko tayari kutoa vyumba vingapi kwa tukio moja. Jiji linaweza kuwa na vyumba elfu nne lakini hoteli haziachii vyote, zina wateja wao wa kila siku, pengine zinaachia nusu tu. Hiyo nusu ndo dari yenu halisi, sio ile namba ya kwenye brosha.

Halafu chukueni kalenda ya miaka mitatu hadi mitano iliyopita, mpake rangi. Wiki zipi zinagombaniwa, wiki zipi zinalala tupu kila mwaka. Sera inahitajika kwenye wiki za kugombaniwa tu. Kwenye wiki tupu sera yenu ni moja, anayekuja karibu.

Hatua ya 3: pangeni madaraja

Madaraja matatu yanatosha. Nimeona sera zenye madaraja saba, hata mwenye nyumba hazikumbuki.

Daraja la kwanza ni matukio yanayoleta wageni wengi wa kulala kwenye hoteli kadhaa kwa mpigo: makongamano ya vyama vya kitaifa na kimataifa, mikutano mikubwa ya kampuni, maonyesho ya biashara ambayo wanunuzi wanatoka mbali. Hawa wanaruhusiwa kushika tarehe za mbali kadri wanavyotaka, miaka mitano hata kumi. Na wanahitaji hivo kweli. Vyama vinavyohamahama mji hadi mji vinachagua mahali mapema sana. ICCA, shirika linalohesabu mikutano ya aina hii duniani, linaiingiza kwenye hesabu mikutano inayofanyika kwa ratiba ya kudumu, inayozunguka angalau nchi tatu na yenye watu wasiopungua 50. Ukimwambia mteja wa namna hiyo "rudi mwakani nitakujibu" ameshaenda mji mwingine.

Daraja la pili ni matukio yanayoleta wageni wa kulala wachache zaidi, pamoja na maonyesho ya wananchi yanayolipa kodi nzuri, wale wa fanicha, magari, vitabu. Hawa wanaanza kupewa uhakika wa tarehe ndani ya miezi 18 hivi.

Daraja la tatu ni shughuli za wenyeji, mahafali, dhifa, semina za siku moja, harusi, mitihani. Ndani ya miezi 12 au pungufu kwa ukumbi mkubwa. Vyumba vidogo vya mikutano waachieni hata mapema zaidi, kwa sharti kwamba tukio la daraja la kwanza likihitaji jengo zima watahamishiwa chumba kingine, na sharti hilo liwe kwenye mkataba waziwazi, sio kwenye maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho.

Miezi 18 na 12 ni desturi inayotumika kwenye kumbi nyingi, sio amri. Mji ambao makongamano yake yanaamuliwa mwaka mmoja kabla hauna sababu ya kufungia tarehe za fanicha miezi 18.

Sasa kizingiti cha daraja la kwanza mnakiwekaje? Msikopi namba ya mji mwingine. Mji wenye vyumba vingi ukisema "lazima vyumba 1,500 kwa usiku wa kilele" ni sawa kwao, nyie mkiikopi mnabaki na daraja la kwanza lisilo na mtu. Tumieni asilimia ya ile dari ya hatua ya 2, mfano tukio litakalochukua theluthi ya vyumba ambavyo hoteli zimekubali kuachia ni daraja la kwanza. Na mkisema usiku wa kilele muwe na maana ya usiku mmoja wenye watu wengi kuliko wote, msichanganye na jumla ya usiku zote, kwa sababu waandaaji watawatajia ile namba inayowapendeza wao.

Hatua ya 4: wawili wa daraja moja wakigongana

Hapa watu wengi wanaangalia jumla ya vyumba, anayeleta vingi anashinda. Sio sahihi mara zote. Angalieni vyumba kwa kila siku ambayo ukumbi umekaliwa, na siku za kufunga mabanda na za kubomoa mzihesabu humo, maana siku hizo huwezi kumuuzia mtu mwingine.

Mfano wa kubuni. Tukio A linaleta vyumba 1,200 kwa usiku tatu, jumla 3,600. Lakini ni maonyesho mazito, siku mbili za kufunga, tatu za tukio, moja ya kubomoa, ukumbi umekwenda siku sita. 3,600 gawa kwa 6 ni 600. Tukio B linaleta vyumba 700 kwa usiku mbili, jumla 1,400, ila ni mkutano wa viti na skrini, unaingia na kutoka ndani ya siku mbili hizohizo. 1,400 gawa kwa 2 ni 700. Kwa siku ya ukumbi B ni bora.

Lakini subiri, usikimbilie kusaini. B anabakisha siku nne. Akikaa mwanzoni mwa wiki, zile nne zinabaki zimeshikana na unaweza kuziuza. Akikaa katikati kabisa amekuachia vipande viwili vya siku mbilimbili, na ni nani anakuja kufanya maonyesho ya siku mbili ukumbini na mabanda ya kufunga? Kwahiyo swali la kumuuliza B ni kama anaweza kusogea siku moja au mbili. Mara nyingi anaweza, hakuna tu aliyemuuliza. Kusogeza mteja siku mbili kumetatua migogoro mingi kuliko kamati zote ninazozijua.

Ukiacha hesabu hiyo, pimeni pia haya:

- Tukio liko msimu upi. Vyumba 800 kwenye mwezi mfu vina thamani kuliko 1,000 kwenye mwezi ambao hoteli zingejaa hata bila ukumbi.
- Historia. Mwaka jana kwenye mji mwingine walisema vyumba vingapi na vikalaliwa vingapi? Ombeni ripoti ya hoteli za kule, mwandaaji makini anayo na anatoa. Anayezungukazunguka kuitoa, punguzeni namba yake kichwani.
- Ukumbi wenyewe unapata nini, kodi na chakula.
- Uwezekano wa kurudi.

Mkiamua kutoa alama, sawa, ila uzito wa kila kipengele upangwe kabla ya kesi kuja mezani. Ukipangwa wakati wateja wawili wako mlangoni kila mtu atavutia kwa wa kwake.

Hatua ya 5: muda wa kuachia tarehe

Hii nadhani ndo roho ya sera nzima na ndo inayoandikwa mstari mmoja tu. Daraja sio cheo cha mteja. Daraja ni ruhusa ya kushika tarehe mapema. Muda ukifika tarehe ambayo haijachukuliwa na daraja la kwanza inafunguliwa kwa la pili, kisha kwa la tatu, na baada ya hapo anayelipa ndo mwenye nayo. Siku ya ukumbi ni kama kiti cha basi, likishaondoka huwezi kukiuza tena. Meneja anayekataa mahafali miezi minne kabla kwa sababu "labda litakuja kongamano" halindi jiji, anachoma pesa.

Kwahiyo wekeni kwenye kalenda siku ya kuachia. Kila mwezi, tarehe moja, mtu anafungua kalenda ya miezi 18 mbele na miezi 12 mbele na anaachia kilichobaki, na waliokuwa kwenye foleni wanapigiwa simu wiki hiyohiyo. Isiwe hadi mtu akumbuke.

Tarehe zikishafunguliwa na mtu wa daraja la tatu akasaini mkataba akalipa, ndo basi. Likija kongamano kubwa kesho yake halimng'oi. Mkimng'oa mmoja tu, mji mzima utajua kwamba mkataba wenu ni karatasi.

Hatua ya 6: kanuni za kushika tarehe

Kushika tarehe bila mkataba ndo kichaka cha mchezo mchafu, mtu anashika wiki tatu tofauti kwenye miji minne huku anajiamulia taratibu. Kanuni zinazofanya kazi:

Kila anayeshika ana nafasi kwenye foleni, opsheni ya kwanza, ya pili, ya tatu, na anaambiwa waziwazi yuko ya ngapi. Kila opsheni ina tarehe ya kuisha. Ikiisha bila kuongezwa kwa maandishi imefutika, hakuna "nilidhani bado".

Mwenye opsheni ya pili akiwa tayari kusaini, anampa changamoto wa kwanza. Wa kwanza anaarifiwa kwa imeili na simu, ana siku tatu za kazi asaini na kulipa dipoziti au aachie. Siku tatu ni haki kwa kampuni, kwa chama ambacho bodi yake inakaa mara chache mnaweza kuandika hadi siku kumi, ila iandikwe kabla. Na anayetoa changamoto naye awe na dipoziti mkononi, la sivyo watu watachangamotiana kwa kukomoana tu.

Kalenda ina mkono mmoja. Watu kumi waione, mmoja au wawili tu waibadilishe. Opsheni iliyopo WhatsApp ya afisa masoko au kwenye diary ya bosi haipo. Kila kinachoingia kiwe na jina, saa na tarehe ya kuisha. Ekseli ya pamoja inatosha kuanzia, sistimu za gharama zitakuja baadae.

Dipoziti iende kwa vipande, kiasi wakati wa kusaini kisha nyongeza kadri tarehe inavyokaribia, na adhabu ya kujitoa ipande vilevile, kwa sababu tarehe iliyorudishwa miaka miwili kabla inauzika, iliyorudishwa wiki sita kabla haiuziki.

Hatua ya 7: matukio ya kila mwaka na washindani

Tukio lililokaa nanyi miaka mitatu mfululizo lina haki fulani, wape nafasi ya kwanza ya wiki ileile mwakani, lakini waithibitishe ndani ya siku kadhaa (60 hivi) baada ya tukio la mwaka huu kuisha. Wasipothibitisha wiki inarudi sokoni. Comic-Con ya San Diego, lile tamasha kubwa la katuni na filamu kule Marekani, ni mfano wa tukio ambalo mji na ukumbi vimelizoea kila mwaka hadi wiki yake inajulikana, ila msijidanganye, maonyesho ya fanicha ya mwaka wa pili sio Comic-Con, hayastahili kukalia wiki ya dhahabu milele. Andikeni kwamba kongamano la daraja la kwanza likihitaji wiki hiyo kwa taarifa ya zaidi ya miezi 18, tukio la kila mwaka linaweza kusogezwa, na ukumbi utalipa fidia fulani mfano punguzo la kodi.

Washindani: mwenye maonyesho ya magari atataka msimruhusu mwenye maonyesho mengine ya magari wiki mbili kabla yake. Ana hoja, mkiwaruhusu wote wanakufa wote. Kumbi nyingi zinaweka pengo la siku 60 au 90 kati ya maonyesho yanayofanana. Ila lihusu maonyesho ya kuuza tiketi kwa wananchi tu, na "yanayofanana" mlieleze, la sivyo mtu mmoja atatumia kinga hiyo kuufunga mji mzima.

Hatua ya 8: jiji lenyewe na wakubwa

Mteja msumbufu kuliko wote ni mwenye nyumba. Idara inataka ukumbi bure Jumanne, diwani ana sherehe ya kata yake. Dawa ni mgao: jiji lina siku kadhaa za bure kwa mwaka, zimeandikwa, zikiisha zimeisha, na kila siku ya bure inaandikiwa ankara ya ndani ili ionekane imegharimu nini. Hata kama hakuna pesa inayotoka, ile ankara inapunguza maombi ajabu. Na siku za bure zinafuata dirisha la daraja la tatu kama wenyeji wengine.

Vyama vya siasa na vikundi vya dini viwe na bei ileile na foleni ileile kwa wote. Sera isiangalie mtu anasema nini jukwaani, iangalie tarehe, usalama na malipo. Mkianza kuchagua, mtaishia mahakamani.

Wekeni pia kifungu cha dharura. Mwaka 2020 kumbi kama McCormick Place ya Chicago, Javits Center ya New York na ExCeL ya London ziligeuzwa hospitali za muda ndani ya wiki chache, na mikataba ilibidi ijibu nani anarudishiwa nini.

Hatua ya 9: nani anaamua, na ruhusa ya kuvunja sera

Kwenye majiji mengi bodi ya utalii inauza tarehe za mbali na ukumbi unauza za karibu. Mpangilio mzuri, ila angalieni mnawapima kwa nini. Wa utalii akipimwa kwa vyumba tu atagawa ukumbi bure, wa ukumbi akipimwa kwa mapato tu atajaza harusi. Wapeni wote wawili malengo ya pande zote.

Wakae pamoja kila wiki mbili na mwakilishi wa hoteli, kalenda mezani, nusu saa. Wasipokubaliana meneja mkuu anaamua siku hiyohiyo.

Na meneja awe na ruhusa ya kukiuka sera, kwa sababu litakuja tukio halimo kwenye daraja lolote na lina maana kwa mji. Sharti: aandike sababu kwa nusu ukurasa, na kila robo mwaka bodi isome orodha ya makiuko yote. Orodha ikiwa ndefu kuliko kidole, ama sera ni mbovu ama meneja ndo mbovu, na mkiisoma mtajua ni kipi.

Hatua ya 10: kuhamia kwenye sera mpya

Wenye mikataba msiwaguse. Wenye opsheni za mdomo au za zamani zisizo na tarehe ya kuisha, waandikieni wote barua moja siku moja, wana siku 60 za kuingia kwenye utaratibu mpya au kuachia, na hapo tegemeeni kalenda yenu kupungua sana, kwa sababu nusu ya hizo tarehe zilishikwa na watu walioshasahau. Matukio ya kila mwaka yapewe msimu mmoja wa kuzoea kabla ya kuanza kusogezwa. Kisha baada ya kila tukio la daraja la kwanza ombeni hoteli namba za vyumba vilivyolaliwa kweli, mziweke kwenye faili la mteja, na mwaka mmoja mbele mrudie kizingiti cha hatua ya 3 mkiwa na namba zenu wenyewe, maana ile theluthi niliyoitaja ni ya kuanzia tu.